Hesabu ya Kugonga

Jina langu Durmuş. Mama alizika watatu kabla yangu,
mimi akanipa jina lenye maana ya aliyebaki,
ili mauti yakisoma orodha yaniruke.
Basi nimebaki. Mwezi wa tatu serikali ikasema:
mwenye miaka sitini na mitano na kuendelea, abaki ndani.
Nina sabini na minane. Nimetii mara mbili.

Hapa Zonguldak makaa yalitulisha, kisha yakatula.
Miaka ishirini na sita nilishuka shimoni,
mita mia tano, chini ya sakafu ya Bahari Nyeusi,
nikarudi juu na mapafu yanayopiga filimbi kama birika.
Daktari anasema ugonjwa huu unayapenda mapafu ya namna hiyo.
Namwamini. Sitoki.
Ila hakuna aliyenionya
kwamba ghorofa ya nne ina kina kupita shimo.

Kule chini, jabali likikufukia, tafuta bomba, gonga.
Tatu, kimya, tatu. Yaani: yupo mtu hai hapa.
Na juu watu huacha chai zao, wakachimba hata kwa kucha.
Nilifukiwa siku moja na nusu, nikiwa kijana,
mimi na Satılmış na mkate mmoja.
Sikulia. Nilijua wanakuja.

Sasa hakuna jiwe juu yangu.
Kuna dari tu, Gülizar aliipaka rangi ya maziwa
mwaka mmoja kabla ya kufa,
nami nalia nikimenya viazi.

Jumanne na Ijumaa zimefanana kama mayai.
Jana nilimimina chai vikombe viwili.
Hilo si kitu, wagane wote hufanya.
Lakini kile cha pili nilikinywa kwa hasira,
nikamwambia: wewe ulijua wakati wa kuondoka.

Binti hupiga simu kutoka Dortmund.
Unakula? Nakula.
Unalala? Nalala.
Baba, kweli uko sawa?
Mtandao unakatika, mwanangu.
Mtandao haukukatika.

Usiku wa ishirini na tisa Aprili
(sina hakika, huenda wa thelathini)
nilichukua kijiko, nikaliendea bomba la kupasha joto.
Tatu. Kimya. Tatu.
Nikaona haya, kama mtoto aliyekojoa kitandani
anayesubiri kukuche.
Mara sauti ya mwanamke, chini, kali kama siki:
"Nani huyo mwendawazimu? Saa tisa ya usiku!"

Nilicheka hadi kifua kikapiga filimbi zake zote.
Kuna mtu kanikasirikia. Kumbe nipo.

Usiku uliofuata, kabla sijagusa kijiko,
bomba likalia. Mara moja tu.
Kwa huruma au kwa kulipiza, sijui,
bomba halina lafudhi.

Hatujaambiana majina.
Najua hagongi kwa kijiko, anagonga kwa pete.
Najua Alhamisi pete inakuwa nzito.

Jumapili moja ya Mei tukafunguliwa, sisi wazee,
saa tano hadi saa tisa, kama wafungwa wenye tabia njema.
Nikavaa koti la harusi ya binti. Nikashika kitasa.
Miguu iliyoshuka mita mia tano bila kuuliza
sasa ikauliza.
Nikashuka ngazi kumi na sita, nikaishia hapo.
Mlangoni pake viatu vya kike, vimepangwa sawasawa,
vumbi juu yake kama unga.

Sikubisha. Ukibisha hodi
lazima useme unataka nini.
Nikakaa kwenye ngazi, barakoa imelowa pumzi.
Ndani, redio ikapunguzwa sauti.
Kiti kikaburutwa hadi karibu na mlango, kikanyamaza.
Barabarani wenzetu walikuwa wakisalimiana kwa kelele.
Sisi tulikaa, ubao katikati,
hadi saa tisa kasoro robo.

Nikapanda. Ufunguo ukiwa bado tunduni
nikalisikia bomba:
tatu, kimya,
na miaka yangu sabini na minane
nikakimbilia kijiko.